Mikono ya Zamu

Usiku wa jana niliota, na msinisingizie shibe, maana nilikuwa nimelalia uji mtupu. Mke wangu Nyamizi, ambaye ni mkunga, alikuwa zamu hospitalini. Mimi nilibaki na kitanda kizima peke yangu.

Naota nimesimama mbele ya meza yangu ya sebuleni. Kompyuta tatu, skrini moja, kibodi moja, kipanya kimoja, na katikati kile kisanduku chenye vitufe vitatu. Ukibonyeza cha kwanza, skrini na kibodi vinahamia kwenye kompyuta yangu ya kuhariri video za harusi. Cha pili, laptopu ya ofisini. Cha tatu, kompyuta ndogo anayosomea Nyamizi. Nakipenda mno kisanduku kile. Wageni wakija nawaonyesha kabla hata hawajakaa.

Ila jana kilikuwa kimekalia kiti changu, kimekunja nne.

"Karibu, Baba Mihayo," kikasema. "Utasubiri kidogo. Mikono yako ina mtu."

Nikajitazama. Mikono ya shati ipo, yangu haipo. Iko mezani, inahariri harusi.

"Ile ni mikono yangu," nikasema. "Nimezaliwa nayo."

"Umezaliwa imechomekwa kwako," kikasema. "Ni tofauti ndogo tu. Mikono jozi moja, macho jozi moja, wanaohitaji ni wengi. Hapa hatumiliki kitu, tunapeana zamu."

Kusema kweli nilivutiwa. Nimegombana na watu wengi kuhusu vitu vyangu, lakini sijawahi kunyang'anywa kwa adabu namna ile.

Laptopu ya ofisini ikakohoa. "Ombi letu la mikono lilitangulia," ikasema. "Tafadhali thibitisha kwamba wewe ni wewe."

"Mimi ni mimi."

"Jibu hilo limeshatumika. Chagua lingine."

Kabla sijachagua, kompyuta ndogo ya Nyamizi ikajifunua yenyewe. Meza inarefuka, inakuwa kitanda, halafu vitanda viwili. Sebule yetu sasa ni wodi ya wazazi, mchana kweupe, na hakuna anayeshangaa.

Nyamizi yuko katikati, amevaa aproni ya plastiki, peke yake. Huku kuna mama ambaye ameshajifungua na anavuja damu. Nyamizi anamkanda tumbo kwa mikono yote miwili. Akiachia tu, damu inarudi. Kule kuna mama mwingine, kichwa cha mtoto kimeshatoka, kitovu kimejizungusha shingoni, na mtoto anaanza kuwa zambarau.

Nyamizi hakupiga kelele. Chumvi mezani angeiomba kwa sauti ileile. "Baba Mihayo, niazime mikono."

"Mpe!" nikakiambia kisanduku. "Unangoja nini?"

"Iko kazini," ikadakia kompyuta ya harusi, feni linahema. "Bibi harusi nimemfikisha mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ukiniondolea mikono sasa hivi, shangazi zake watanishukia mimi."

"Washuke tu!"

"Sikiliza kwanza," kisanduku kikaniambia. "Mikono haiendi bila macho. Mimi nahamisha vyote pamoja. Utabaki gizani, na sikuahidi kwamba utarudishiwa."

Hapo niliogopa, sifichi. Macho ni macho. "Nikibaki gizani, si ndiyo nimezimika?"

"Aliyeondolewa skrini hajazimika," kikasema. "Anaendelea na kazi yake, ila hakuna anayemwona. Muulize mkeo."

Nikamtazama Nyamizi, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, viganja havitoki kwenye tumbo la yule mama. Kumbe ndivyo hivi anavyokuwa wakati mimi nakoroma! Nikamwonea fahari. Na kwa kuwa sikuwa na kidole, kitufe cha tatu nikakibonyeza kwa pua.

Giza.

"Pitisha kidole chini ya kitovu," nasikia Nyamizi anasema. "Taratibu. Usivute. Kilegeze, kisha kipitishe juu ya kichwa."

Mikono yangu mimi naijua. Kibodi inaitwanga kama mahindi, glasi zote za harusi yetu imeshazimaliza. Lakini kule nasikia inatii, inakwenda polepole, haigongi kitu. Nikasema moyoni, jamani, kumbe ilikosa tu mtu wa kuitumia.

"Mbona halii?" yule mama akauliza.

Nasikia kitambaa kinasugua mgongo mdogo.

"Nesi, mbona halii?"

Nikaamka.

Kumeshakucha. Nikachemsha chai, nikakaa mezani nayo, hainywiki. Nyamizi akaingia, akavua viatu, akajitupa kwenye kiti. Mtu katoka kazini, utampokeaje na habari za ndoto?

"Pole na kazi, Mama Mihayo."

"We acha tu. Leo nimekoma. Wawili kwa mpigo, na niko mwenyewe. Mmoja damu haikamatiki, mwenzake mtoto kaja na kitovu shingoni."

"Akalia?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Alichelewa, akaniangusha roho. Halafu akalia hadi mlinzi wa getini akasikia. Wazima wote, Baba Mihayo, mama na watoto." Akageuza viganja vyake, akavitazama. "Ila kuna kitu sikielewi. Kile kitovu nimekitoa kwa mkono wa kushoto. Mimi! Kushoto hata kijiko sijui kukishika. Na wala haukutetemeka."

Nyumbani kwetu mwenye kutumia kushoto ni mmoja tu. Nikakihamishia kikombe mkono wa kulia, polepole asinione, chai yote ikanimwagikia mapajani.