Viazi vya Mwaka 1844

Damaris alikuwa amefura kwa hasira. Baraza la kanisa pale Manga lilikuwa limemnyang'anya darasa la vijana wanaojiandaa kwa ubatizo, na aliyepewa, Mzee Ombati, sasa alisimama mbele yao na kitabu cha mafundisho mkononi.

Kosa la Damaris? Kusimulia historia. Vijana walikuwa wakikariri mafundisho kama jedwali la kuzidisha, macho kwenye simu. Sabato moja akawaeleza kuhusu waumini wa Marekani, chimbuko la kanisa lao, waliomngoja Yesu mwaka 1844. Baadhi ya wakulima waliacha viazi ardhini, ya nini kuvuna na Bwana yuaja? Kukapambazuka, hakuja.

"Sasa mwalimu, walikula nini?" Lavender akauliza, na simu zikawekwa mifukoni. Hata Gibson, mwana wa Mzee Ombati, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu amalize shule, akaanza kuja. Wakawa wanachimbua kitabu cha Danieli wenyewe, wakitafuta ni wapi wale watu walikosea.

Neno hilo ndilo lililomponza. Mzee Ombati alilisikia dirishani, akalifikisha barazani mbio.

"Unawaambia watoto waanzilishi wetu walikosea?" akamuuliza mbele ya baraza.

"Walikosea siku, Mzee! Ndiyo maana wakarudi kusoma upya, na sisi tukapata imani hii."

Aliambulia patupu. Watu wazima na akili zao, waliomsifu juzi tu, waliinua mikono mmoja mmoja kumwondoa. Waoga wakubwa!

Ndiyo hayo yaliyomweka benchi la nyuma leo, akisaga meno.

"Fundisho la tatu," Mzee Ombati akasema. "Nifuatisheni."

Gibson akasimama. "Tata, niko na swali. Siku ile ikipita, wengi walienda zao. Hawa wachache walibaki kwa nini?"

Damaris nusura alie. Kijana alikuwa anamwomba babake imani, mchana kweupe, mbele ya watu.

"Keti chini."

Gibson hakuketi. Alichukua koti lake, akatoka.

"Mzee, mfuate!" Damaris alipaza sauti, liwalo na liwe. "Amekuuliza wewe, si mimi!"

Mzee Ombati akautazama mlango. Midomo ilimcheza kidogo. Kisha akalamba kidole, akautafuta ukurasa wake.

"Fundisho la tatu," akasema.

Vijana wakamfuatisha, neno kwa neno, na simu zikaanza kutoka mifukoni.