Mbuzi Walionyolewa Mapema

Theluji ilianza alfajiri, na hadi chai inachemka ilikuwa imelizika lango la zizi. Mathakane alisimama uani, blanketi kalibana kifuani kwa pini, akasikiliza. Nyuma ya ukuta wa mawe mbuzi walikuwa wanalia, na kilio kilikuwa kinafifia.

Alijua kwa nini. Juma lililopita upepo wa vuguvugu ulipanda kutoka bondeni, mipichi ikachanua, na baba mkwe wake, mzee Rasekake, akatangaza kwamba baridi ya milima yao ya Mokhotlong imekwisha. Akatoa mikasi, akawanyoa mbuzi wote manyoya ya kuuza, akawaacha kama viazi vilivyomenywa. Mathakane alimwambia, "Baba, tungengoja kidogo, vilele bado vyeupe." Akajibiwa kwamba vilele havikuolewa hapa, aliyeolewa hapa ni yeye, basi atulie.

Mbuzi hao walikuwa na mimba. Mume wake, Sekake, alikuwa chini ya ardhi huko migodini Afrika Kusini, na alikuwa ameapa: kundi likizaa salama safari hii, anavua kofia ya mgodi, anarudi nyumbani moja kwa moja. Kundi likifa, binti yao Thakane ataendelea kumjua baba yake kwenye picha.

Na mke wa mtu haingii zizini. Huko ni kwa wanaume na kwa wazee wao waliozikwa kando ya zizi. Mwanamume aliyekuwepo ni mmoja tu, naye aliteleza juzi kwenye barafu ya kisimani, nyonga ikateguka.

Akaingia ndani. "Baba, mbuzi wamejirundika ukuta wa chini. Wanakandamizana. Niruhusu niingie."

"Uingie wapi?"

"Zizini."

"Thubutu! Bado napumua humu, unataka kuwatukana wazee wangu? Hata hizo mimba zitatoka."

"Zitatoka tu, Baba, mama zao wakishakufa."

"Masekake! Unamsikia huyu mkwe wako?"

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. "Namsikia. Na mbuzi nawasikia. Wewe ndiye sijui masikio umeyaweka wapi."

"Nipe fimbo. Naenda mwenyewe."

Akajiinua, akafika nusu, akarudi kitandani kwa kishindo, ameuma mdomo. Mathakane hakumbembeleza tena. Alichukua mtaimbo nyuma ya mlango, akatoka.

Hakwenda langoni. Alizunguka kwa nje hadi upande wa chini, akachomeka mtaimbo chini ya jiwe la juu kabisa, akaegemea kwa uzito wake wote. Barafu ilikuwa imeyagandisha mawe yakawa kitu kimoja.

"Hutaki?" akaliambia jiwe. "Utataka."

Akalipiga. Akalipiga tena. Jiwe likabanduka kutoka kwa wenzake, likaanguka thelujini bila sauti. La pili likafuata. La tatu likamchuna vidole, akavifuta kwenye blanketi, akaendelea.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee alikuwa ameshikilia fremu, mguu mmoja hewani. "Mwehu wewe! Ukuta wa baba yangu huo!"

"Sijaingia, Baba! Tazama miguu yangu, iko nje!"

"Unavunja zizi!"

"Ukuta hukunikataza!"

Kwenye tundu kikatokea kichwa cha mbuzi, kope zina barafu. Hakulia. Alitazama tu.

"Si hapo," mzee akasema, sauti imeshuka. Kisha akapaza: "Si hapo, nimesema! Hapo pana jiwe la msingi, utavunja mgongo bure. Kushoto! Kushoto, mama, huo ni mkono wa kulia!"

Akaenda kushoto. Ukuta ukaporomoka wote kwa mara moja, na mbuzi wakamwagika nje, wanatetemeka, wanakanyagana, wakikimbilia moshi wa nyumbani. Waliobaki chini ya rundo hawakuweza kusimama. Mathakane alilala kifudifudi thelujini, akanyoosha mikono, akawavuta kwa miguu.

"Mikono imeingia," mzee akasema.

"Basi itozwe faini, Baba. Mimi bado nipo nje."

Wawili walitoka wameshakufa. Aliwalaza kando, akamfunika kila mmoja uso kwa theluji, akawabeba walio hai.

Ndani, Masekake alikuwa amekunja mikeka na kurundika samadi kavu motoni. Mbuzi walijaa mpaka chini ya kitanda. Mzee alikuwa na mmoja mapajani, anamsugua kwa gunia, hamtazami mtu.

"Ukuta huo utaujenga mwenyewe," akasema.

"Siwezi. Zizi hujengwa na mwanamume."

"Mimi nyonga hii..."

"Najua, Baba. Una mtoto wa kiume."

Masekake alijifanya anaonja uji.

"Nipe simu," mzee akasema hatimaye.

Mathakane hakumpa papo hapo. Mikono yake ilikuwa imeshika mbuzi aliyeanza kurudiwa na joto, na hakuwa tayari kumwachia.