Meza ya Pembe Sita

Mwalimu wa hesabu hakuliona kosa lake mpaka mkewe alipofunga cherehani kwa kamba na kuhamia kwa dada yake.

Kosa lenyewe lilikuwa meza. Mkewe, fundi wa nguo, alikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mwalimu, ambaye alikuwa haambiliki tangu nyuki wajenge sega darini, aliikata kwa msumeno ikawa ya pembe sita. Alieleza kwamba umbo hilo hupangana bila kuacha mwanya, ndiyo maana nyuki hutumia nta kidogo kupata nafasi kubwa. Alieleza vizuri sana. Meza ilikuwa moja tu, haikuwa na ya kupangana nayo.

"Na gauni la bibi harusi nilikatie wapi?" mkewe aliuliza. "Kwenye asali?"

Nyumba ikapooza. Mwalimu akawa anakula mkate mkavu akiwa amesimama. Alikuwa na hamu na mkewe mno, hata na kelele za ile cherehani alizokuwa akizilalamikia kila jioni.

Jumamosi alipanda darini na kopo la moshi kutafuta ushahidi wa kujitetea. Akashuka na kipande cha sega na sikio lililoumwa. Alipima vijumba kwa rula: sawa, sawa, sawa. Katikati akakwama. Nyuki walikuwa wameanza kujenga kutoka pande mbili, na pale walipokutana mistari haikulingana. Kijumba kimoja kilikuwa na pembe tano, jirani yake saba. Hata hivyo sega lilikuwa limeshikana barabara.

Mwalimu akaiweka rula chini. Akatafuta gundi na misumari.

Alifika kwa shemeji yake akisukuma mkokoteni.

"Karibu, shemeji," dada mtu alisema. "Hiyo meza inaingia, au inabaki nje na wewe?"

Mkewe alitoka, akamtazama sikio.

"Umeumwa, Mwalimu."

"Kidogo. Hebu ona hapa kwenye sega, nyuki walipokutana."

Aliliangalia sega, kisha meza. Vipande vilikuwa vimerudishwa mahali pake, lakini kiungo kimoja kilipinda, na upande mmoja umezidi kwa upana wa kidole.

"Hii haiko sawa," alisema.

"Haiko sawa," mwalimu alikubali. "Mimi ndiye niliyekosea."

Mkewe alipitisha kidole kwenye kile kiungo kilichopinda. Kisha akamwambia dada yake alete ile kamba ya cherehani.