Sweta la Mkono Mmoja

Saa nne asubuhi mfumaji aliingia duka la nyuzi lililo mkabala na stendi, akatandaza kauntani sweta la kijani lisilo na mikono na kuomba namba thelathini na saba. Hakusema anataka kijani. Mfumaji anayejua kazi haombi rangi, anaomba namba ya tangi, kwa maana uzi uliochovywa leo na uliochovywa kesho, hata rangi iwe ileile, ukiwekwa kwenye vazi moja huonekana kama kiraka.

Alikuwa ametoka getini kwa kiwanda cha nyuzi, ambako hawakumpa hata kiti. Basi la kurudi kwao lilikuwa saa kumi.

Mwenye duka alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alisema thelathini na saba imekwisha, na inayoifuata, thelathini na nane, ndiyo ile inayosema. Uzi mzuri tu, haupauki, ila mdomo sasa! Mteja wake mmoja alifuma soksi akaenda nazo msibani, zikapiga soga mpaka watu wakatawanyika. Mfumaji aliuliza uzi huo unasema nini. Kila kitu, alijibiwa. Kila anayeingia unamwita Dada, na unataka kujua kama miguu ya Mama bado inavimba.

Mfumaji alishika ukingo wa kaunta. Mama yake ndiye mwenye miguu hiyo, na Dada alikuwa yeye.

Mdogo wake walimwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Alifanya kazi katika chumba cha rangi cha kiwanda hicho, na sweta la Mama lilifumwa kwa uzi aliokuwa akiutuma kila mwezi. Kisha uzi ukakoma, ikaja barua kutoka kiwandani. Barua ilisema ameacha kazi kwa hiari yake na kuondoka na dereva wa lori. Mama aliisoma mara moja, akageuza picha ya mwanawe ikatazama ukuta. Mfumaji alibisha mpaka sauti ikamkauka. Mama akasema ataamini jingine siku atakapolisikia kwa mdomo wa mtoto mwenyewe, na tangu siku hiyo jina la Chiriku halikutajwa nyumbani.

“Nipe wote uliobaki,” mfumaji alisema.

Haukubaki. Malalamiko yalikuwa yamezidi, na kiwanda kilikuwa kimemtuma mtu na gunia apite duka kwa duka kuukusanya ukachomwe. Alikuwa ametoka hapo muda si mrefu.

Katika duka la pili shubaka la thelathini na nane lilikuwa tupu. Muuzaji alimwonyesha kipande cha uzi kilichonasa kwenye mguu wa meza, urefu wa mkono mmoja. Mfumaji alikiweka sikioni. Sauti ilikuwa ya Chiriku, na pumzi yake fupi ileile. Ilisema, “Niliwaambia mara tatu kwamba ule ubao,” na hapo uzi ukaisha.

Aliuliza duka la tatu liko wapi, akaenda kwa miguu, akikata barabara pasipo na kivuko na kutukanwa na madereva. Lilikuwa ghorofani, juu ya fundi wa saa. Bibi aliyelisimamia alikuwa amebakiwa na bonge moja la uzi huo, kalifungia kwenye droo kwa sababu lilikuwa linabishana na redio. Mfumaji alilipokea kwa mikono miwili.

“Umekonda, Dada,” bonge lilisema.

Likasimulia bila kupumzika. Ubao wa kukanyagia juu ya tangi ulikuwa na ufa. Alimwambia msimamizi mara tatu, naye mara tatu akasema mashine haizimwi mpaka oda ikamilike. Siku ya nne ubao ulikatika akiwa juu yake. Tangi halikumwagwa, kwa kuwa rangi ilikuwa imekolea vizuri.

“Na huyo dereva wa lori simjui,” Chiriku aliongeza. “Mwambie Mama.”

Mfumaji alilia, bibi akamsogezea kiti. Ndipo viatu viliposikika kwenye ngazi, na gunia likiburutwa. Lilikuwa linaongea, mabonge yote kwa pamoja.

Mfumaji alimnong'oneza mdogo wake anyamaze. Chiriku alisema atanyamaza, kisha akaeleza kwa kirefu namna atakavyonyamaza. Tangu utoto kilichomtuliza kilikuwa kimoja tu, kusukwa nywele. Ukianza msuko wa kwanza alikuwa anafumba macho na kufunga mdomo. Mfumaji alichomoa sindano, akaokota vishono vya begani kwa sweta, akaanza kufuma mkono. Kwenye kishono cha tatu bonge lilinyamaza.

Mtu wa kiwandani aliingia, akamwamkia bibi vizuri. Bibi alimwonyesha droo tupu. Yule mtu alitazama kwapani kwa mfumaji, palipokuwa na bonge.

“Dada, samahani. Naomba nione lebo.”

“Niko katikati ya mstari,” mfumaji alisema.

Mtu yule alijua uzi. Alijua kwamba ukimsimamisha mfumaji katikati ya mstari vishono hutoroka, basi akasema amalize. Mfumaji alifika mwisho wa mstari, akageuza sindano pasipo kutua, akaingia mwingine. Alivuta uzi kwa nguvu, vishono vikatoka vya kubana. Mtu wa kiwandani aliinama asikilize. Hakusikia kitu. Alingoja mistari saba. Chini gari likapiga honi, mara moja, kisha kwa hasira. Akabeba gunia lake, na kabla ya kuondoka akashauri vishono vilegezwe kidogo.

Mfumaji hakuweka sindano chini mpaka basi lilipotoka mjini.

Bonge lilitosha mkono mmoja. Mama alilivaa sweta hivyohivyo, mkono wa kijani kilichopishana kidogo na cha mwili, akakaa kitandani akisikiliza mpaka uji ukapoa. Kisha akainuka kwa miguu yake iliyovimba, akageuza picha. Aliandikia kiwanda barua ya kurasa nne. Kiwanda kilimjibu kwa nakala ya barua ya kwanza.

Miezi miwili baadaye yule mwenye duka wa miwani mbili alipiga simu. Alikuwa amepokea namba arubaini na nne, kijani kilekile kabisa, tena huu hausumbui. Msichana mpole. Anauliza tu kama kuna aliyewahi kuutazama ule ubao. Awawekee bonge moja, wamalizie mkono wa pili?

Mfumaji alimgeukia Mama. Mama alikuwa amesikia.

“Mwambie asante,” Mama alisema. “Huyo naye ana mama yake. Amwekee yeye.”