Nailoni Isiyobanduliwa

…isipande joto tena, tafadhali isipande, Injinia anaiomba diski kama anayemwomba mtu, ncha ya kidole iko juu yake, haibonyezi, anaipima tu kama mtoto mwenye homa, na diski imelala uchi mezani, kijipande kidogo kuliko kidole chake cha kati, feni inaipulizia, na kile kistari cha kijani cha kuhamisha faili kwenye skrini kimeganda palepale, au kinatembea kama konokono aliyefiwa, nani ajuaye, na dada yake mkubwa kasimama mlangoni mwa hiki chumba anachokiita studio ya video na watu wengine wote wanakiita stoo, "Imefika wapi?" "Inaenda." "Inaenda wapi, mbona haifiki?" naye anaisogeza feni karibu zaidi, Injinia mzima, jina la kubandikwa hilo, kinyozi wa barazani ndiye aliyembandika, "Injinia wetu, umeajiriwa au bado unayaandikia makampuni barua za mapenzi?" watu wakacheka mpaka mteja nusura akatwe sikio, chekeni, chekeni tu, degree ya kompyuta, first class, tena kwenye mtihani wa mwisho lilikuja swali hilihili, umeme, joto na kasi kwenye diski za chipu, akajaza kurasa, kwamba hivi vitatu ni shuka fupi, ukilivuta lifunike kichwa miguu inabaki nje, ukitaka kasi utakula umeme, ukila umeme utatoa joto, na joto likizidi diski inajipunguzia mwendo yenyewe isijiunguze, mhadhiri akayasoma hayo darasani, kwa sauti, jamani, kwa sauti, na mkono uleule ulioyaandika ndio uliokuja kuyavunja hapa mezani kwa dada… na kwa sababu gani, kwa neno moja tu, "Mdogo wangu, diski yako inaanza kama farasi inamalizia kama punda," utani wa dada, hauna hata mwiba, lakini asubuhi ya siku ileile ilikuwa imeingia email nyingine ya kunyimwa kazi, we regret to inform you, wanaregret nini watu hao, wanaregret huku wanakoroga chai, na yeye alishachoka kuambiwa subiri, kila mlango subiri, kila meza subiri, sasa na chipu nayo imwambie subiri? akaandika amri zake, tap tap tap, marufuku kulala, marufuku kupunguza mwendo, kikomo cha joto akakipandisha mpaka kikagota, full power, halafu, kumaliza kazi kiungwana, akaivisha kava la alumini la kutolea joto, na kati ya kava na diski kuna kipedi laini cha kupitishia joto, na juu ya kipedi kuna nailoni nyembamba, bandua kabla ya kutumia, imeandikwa kwa lugha tatu na zote tatu anazisoma, simu ikatetemeka mfukoni, akairukia, labda ni kazi, ilikuwa tangazo la viatu, akatukana, akakaza skrubu… "Sasa hii ndiyo degree!" dada akapiga makofi, faili zikawa zinamiminika, na yeye akajinyoosha kitini kama bwana harusi, na humo chini joto linagonga mlango, linagonga, na nailoni imesimama kama askari wa getini, hakuna kutoka, hakuna kutoka, na ile diski iliyojua kujihurumia alishaikataza… leo asubuhi ikapotea, kompyuta ikasema haioni kitu, akafungua skrubu na kuikuta nailoni imekunjamana kama ngozi ya maziwa, dada akaibandua kwa kucha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, hakupiga kelele, laiti angepiga, laiti angemrushia hata kikombe, aliibandika tu pembeni ya meza, ipo pale hadi sasa, inapepea kwa upepo wa feni… "Huwezi kuisukuma kidogo? Wewe si ndiye unayejua," dada huyo tena, na vidole vinaijua amri, vinaijua kwa moyo, tap tap tap, dakika chache tu zingetosha, au ingezimika moja kwa moja, imeshapotea mara mbili, mara ya pili ilichelewa kurudi kama mtu anayejiuliza kama nyumba hii inafaa kurudiwa, na kopi nyingine hakuna, dada alimwambia, "Nipigie kopi ya pili, mdogo wangu," akasema kesho, kesho, first class wa kesho… na humo ndani yumo mama, mama yule wa kabla ya kiharusi, faili inayovuka sasa dada aliipa jina mama_anacheka, mama na tepu yake ya kupimia nguo shingoni, anamsimulia dada habari za bibi harusi aliyenenepa kati ya kipimo na harusi, anaanzia mbali, anazunguka kwa majirani, kwa mvua, kwa bei ya vifungo, ndipo arudi kwenye gauni, maneno yake yalikuwa hivyo, hayakuwa na njia ya mkato, na yeye kwenye simu kule chuoni, "Mama, fupisha, nina haraka," "Haya baba, haya," haraka ya kwenda wapi, mwongo mkubwa wee, alikuwa kitandani anatazama dari, na hata aliporudi nyumbani bila kazi wala pa kwenda, "Mama, to the point," na kiharusi kikamsikia, kikampunguzia mama maneno yote kikamwachia hilohilo moja, haya, ukimlisha haya, ukimfunika haya, akilia haya, na anapojaribu jingine, midomo inatafuta, jasho linamtoka, yeye Injinia anamrukia na jibu, chai? dawa? dirisha? kama mwanafunzi anayetaka maksi, na mama anageuzia uso ukutani, na yeye alidhani ni ugonjwa, siku zote alidhani ni ugonjwa unaomgeuza ule uso… kidole kinahisi vuguvugu, vuguvugu tu, siyo moto, nenda, nenda unavyoweza, hakuna anayekusukuma… na chumba cha pili kitanda kinalia, sauti ya mama, "M… mm…" dada anageuka haraka, "Maji? Mama, unataka maji?" na "M…" tena, na kwenye ulimi wa Injinia yamejipanga yote, maji, mto, mlango, mkojo, anayameza, "Mwache," anasema. "Nini?" "Mwache, dada. Amalize mwenyewe." "Na akishindwa?" "Atapumzika. Ataanza tena." Dada anamtazama kama anamwona leo, anaegemea mlango, na feni inapuliza, nailoni inapepea pembeni ya meza, kistari cha kijani kipo palepale, na kule ndani mama anaanza upya, "M…"