Mkia wa Shati la Norbert

Norbert Zielke alikuwa ameshachuna miguu yote miwili ya nyuma, na sasa kisu chake kilikuwa kinashuka kiunoni, polepole, ngozi ikiachana na nyama kidogo kidogo. Kulungu alining'inia kichwa chini kwenye gogo lililolazwa kati ya misonobari miwili nyuma ya kambi yao ya uwindaji, nyumba ndogo ya mbao. Pembe zake za matawi kumi zilikaribia kugusa theluji. Duane Pribyl, shemeji yake, alikuwa ameishika ngozi kwa mikono miwili akiivuta, na mdomo wake haukuwa umepumzika tangu saa nne asubuhi.

"Shemeji, vua hilo koti."

"Sioni joto."

"Huoni joto! Jasho linakutiririka puani, linadondokea nyama. Na mimi nyama hiyo nitaila, ujue."

"Ni mafua."

"Mafua yanatoka kwenye paji la uso?"

Norbert akainama zaidi. Koti lake la rangi ya chungwa lilikuwa limefungwa zipu mpaka kidevuni, na kweli alikuwa anachemka humo ndani. Lakini akilivua tu, Duane ataona shati lake kwa nyuma, na Duane akiliona, basi yamekwisha.

Kambi ile ilikuwa na sheria mbili, na zote zilimzidi Norbert umri. Ukipiga risasi ukamkosa mnyama, mkia wa shati lako, yaani pindo la nyuma, unakatwa na kugongomewa ukutani karibu na mlango, na tarehe yake. Ukimwangusha dume mwenye pembe za matawi manane kwenda juu, jina lako linachomwa kwa chuma cha moto kwenye boriti iliyo juu ya meza. Ukutani kulikuwa na vipande kumi na vinne vya mashati, na kumi na kimoja kati ya hivyo vilikuwa vya Norbert. Kwenye boriti kulikuwa na majina sita, yote ya kina Pribyl.

Norbert alikuwa amemwoa Lorraine Pribyl miaka thelathini na moja iliyopita. Alikuwa amepaka rangi paa la kambi ile na kuchimba choo chake. Hata hivyo, kila Novemba alipofika na mfuko wake wa kulalia, mzee Alphonse, baba mkwe wake, alimwambia kama mgeni, "Karibu sana, jisikie nyumbani." Duane hakuwahi kuambiwa hivyo. Norbert hakumsimulia mtu, hata Lorraine, jinsi alivyokuwa akiitazama boriti ile kila walipokaa kula. Lori la maziwa analoliendesha lina jina la kampuni. Sanduku la barua nyumbani lina jina la mtaa. Alitaka jina lake liwe pale, basi.

Na leo alikuwa amemwangusha dume wa matawi kumi. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa hajakisema.

Saa tatu asubuhi alikuwa juu ya dungu lake, amejifunika, anatazama kinamasi. Kulungu dume mdogo, pembe zake kama vijiti viwili, akatokea hatua arobaini kutoka pale. Norbert akafanya kila kitu kama alivyojifundisha. Akaegemeza bunduki, akavuta pumzi, akaitoa nusu, akaanza kubana kifyatuo taratibu, na hapo hapo mafua yakamjia. Chafya na risasi vilitoka pamoja. Yule dume mdogo akamtazama, akapunga mkia, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani.

Norbert hakukasirika sana, alikuwa ameshazoea. Mwaka uliopita Duane alimkata shati kwa mkasi wa kukatia bati, akaondoka na nusu ya mgongo, huku akitoa hotuba. Safari hii Norbert akaona apunguze hasara. Akalichomoa shati, akapima vidole vinne, akakata mwenyewe kwa kisu, mstari ulionyooka vizuri, akakikunja kipande na kukitia mfukoni. Kisha akashuka kwenda kutafuta damu, maana ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya hata kama anajua hakuna. Hakukuwa na damu. Akaendelea mbele kwa ajili ya utaratibu tu, akavuka vichaka, na ng'ambo ya vichaka akamkuta mnyama mkubwa kuliko wote aliowahi kuwaona, amelala ubavu, na tundu moja chini ya sikio.

Duane, aliyeusikia mlio, alifika anahema. Alimtazama yule kulungu, akalitazama dungu kwa mbali, akarudi akihesabu hatua. Mia moja sitini na tatu.

"Chini ya sikio," alisema, kwa sauti ndogo ambayo Norbert hakuwahi kuisikia. "Katikati ya vichaka vyote vile. Shemeji, ulimwonaje?"

"Mh," alisema Norbert.

Ile "Mh" ndiyo iliyomponza. Tangu hapo Duane alikuwa ameisimulia risasi ile mara tano, mara tatu akimsimulia Norbert mwenyewe.

"Kesho ukae kwenye dungu langu," Duane alisema sasa, akivuta ngozi. "Nasema kweli. Hata baba sijawahi kumpa. Ila nifundishe kitu kimoja. Ile pumzi, uliibana au uliiachia?"

"Niliiachia," alisema Norbert, na hapo hakusema uongo.

"Yote?"

"Yote."

Duane akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akanusa. Kutoka dirishani kulikuwa kunatoka harufu ya mbao inayoungua.

"Baba kashaanza," akasema. "Acha hicho kisu, twende tukaone."

Ndani, mzee Alphonse, miaka themanini na miwili, alikuwa amesimama juu ya kiti, vyuma vingine viwili vikingoja ndani ya jiko la kuni. Herufi N ilikuwa tayari, na O ilikuwa inafuka moshi. Mzee hakupenda herufi za haraka haraka. Kila moja aliichoma, akaipuliza, akaitazama kwa jicho moja, ndipo akateremka kubadilisha chuma.

Norbert alisimama karibu na mlango, chini ya mashati yake kumi na moja. Aliamua kusema ikiisha R. R ikaisha, nzuri, mguu wake umenyooka, naye akanyamaza. Akajiambia kwamba risasi ni yake na kulungu amekufa, na hakuna aliyemuuliza habari za dume mdogo. B ikaanza. Akaona Novemba zote zilizobaki, Duane akiwaonyesha wageni lile jina na kuwahesabia zile hatua mia moja sitini na tatu, na yeye pale pembeni anasema "Mh" mpaka siku ya kufa kwake.

Akafungua zipu.

"Baba, subiri kidogo."

"Nimekosea herufi?"

"Herufi ni nzuri." Akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka mezani, akageuka wamwone mgongo. Kisha akawaeleza yote, kwa mpangilio, tangu dume mdogo mpaka chafya.

Duane hakucheka mara moja. Alikiokota kile kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Umejikata mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Shemeji! Ile ni kazi yangu!" Aliumia kwelikweli. "Na umekata vidole vinne tu, kama fundi cherehani!" Hapo ndipo kicheko kikamjia, mpaka akaishika meza. "Aliiachia pumzi! Baba, kaiachia yote!" Akajipangusa macho. "Haya, jina lifutwe. Mimi nampenda huyu, lakini alimlenga mwingine. Ile ni risasi ya mafua."

Alphonse alibaki juu ya kiti, chuma mkononi, akifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

"Mwaka wa sitini na nne," akasema mwishowe, "mimi nililenga kisiki."

"Kisiki gani?"

"Cha kule kilimani. Nilikuwa najaribu bunduki ya kaka yangu. Yule dume alikuwa amelala nyuma yake."

Duane akalitazama jina la kwanza kwenye boriti. Hadithi ile alikuwa amelelewa nayo. "Wewe uliniambia ulimfuata siku mbili kwenye theluji."

"Siku mbili zilikuwa za kumburuta kurudi."

"Mama anajua?"

"Mama yako ndiye aliyeniambia nikusimulie ile nyingine." Akamgeukia Norbert. "Dume mdogo ulimlenga ukamkosa, kwa hiyo shati ni halali kukatwa. Huyu wa nje kauawa na risasi yako, kwa hiyo jina linabaki. Duane, leta mkasi, hicho kipande ni kidogo mno."

Akaligusa jina kwa kidole, kisha akakigusa kile chuma. Kilikuwa kimepoa. Akashuka kitini, goti moja baada ya jingine.

"Zilizobaki kesho. Mabega yamechoka."

"Ukifa usiku, ataitwa Norb milele."

"Basi ataitwa Norb."

Mwanga ulikuwa unapungua, na baridi ilikuwa imeanza kuigandisha ngozi. Norbert alirudi nje bila koti, upepo ukimpita mgongoni palipokatwa upya, papana safari hii. Haikufaa kuendelea kuchuna, kisu kingetoboa. Akaivuta ngozi irudi juu kuifunika nyama isikauke, akatafuta kamba. Kifua, mabega na shingo vilikuwa bado kabisa.

Duane alikuja kumsaidia, lakini macho yake yalikuwa dirishani.

"Na dume wa mwaka wa sabini na moja, baba?" akapaza sauti. "Yule naye ilikuwaje?"

Ndani, kifuniko cha jiko kikasikika kikifungwa.

"Utamuuliza kesho," alisema Norbert. "Shika hapo, nifunge."