Uzi wa Mshale

Dada yangu alinipa hadi Jumamosi. Mimi nilikuwa nimepanga kuondoka Jumanne.

"Ukishaitengeneza, nenda hata mwezini," alisema. "Lakini isiposema, Kiguu na Njia, usinipe mkono wa kwaheri."

Hilo ndilo jina langu katika ukoo huu. Nina miaka sabini na mbili na sijawahi kumaliza mwaka mzima chini ya bati moja. Nyumbani huwa napita kama mtu aliyeingia dukani kuulizia kiberiti. Safari hii nilimkuta dada macho yamekwisha. Ugonjwa uliyala polepole, kwanza pembeni, kisha katikati, na sasa anatambua mwanga wa mlango tu. Jumamosi binti yake angekuja na gari kumchukua akaishi naye mji mwingine.

"Kule nitakuwa mgeni wa kila kitu," dada aliniambia. "Mlango siujui, choo sikijui, hata kijiko sijui kinakaa wapi. Nataka kitu kimoja tu ambacho mkono wangu unakijua bila kuuliza mtu."

Kitu chenyewe kilikuwa redio ya mama. Sanduku la mbao lenye kioo cha namba mbele, mshale mwekundu nyuma ya kioo, na vifundo viwili vya kuzungusha: cha kushoto cha sauti, cha kulia cha kutafutia stesheni. Ilinyamaza miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo ilikuwa meza ya vitambaa.

Ufundi niliuokota kwa vipande kama nilivyookota kusoma. Mwaka mmoja karakana ya simu za waya, miezi minane kwa fundi redio aliyenifukuza kila wiki na kunirudisha kila Jumatatu. Cheti sina, mikono ninayo.

Siku hiyohiyo aliyoniambia, Jumatatu, nikafungua kifuniko cha nyuma. Vumbi, mayai ya mende, harufu ya nta iliyoungua. Kondensa moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ilikuwa imevimba na kutoa machozi. Kati ya zile taa tano za kioo zinazofanya redio ya zamani iseme, moja ilikuwa imegeuka nyeupe ndani kama jicho la samaki wa juzi. Taa ikishaingiwa na hewa huwa hivyo, hairudi tena.

Halafu nikaona uzi. Katika redio hizi kuna uzi mwembamba unaotoka kwenye kifundo, unapita kwenye vigurudumu, unavuta mshale. Huu ulikuwa uzi mweusi wa kushonea, umelegea, una mafundo matatu. Na ulizungushwa kinyume! Ukipeleka kifundo kulia, mshale unakwenda kushoto. Nikacheka peke yangu.

"Uzi huu wa cherehani kauweka nani?" nikapaza sauti.

"Mama," dada akajibu kutoka jikoni. "Wa mwanzo ulikatika. Wewe ulikuwa umeshakwenda zako."

Nilichukua mkasi nikaukata, nikautupa kwenye ndoo ya taka.

Jumanne, siku ambayo ningekuwa kwenye basi, nilikuwa nazunguka mitaa na taa mfu mfukoni. Duka la kwanza wakaniuliza kama ni balbu ya friji. La pili kijana aliipiga picha kwa simu, akasema, "Babu, hii ipeleke makumbusho. Na wewe ubaki hukohuko." Jumatano nikavuka hadi upande wa pili wa mji, nikarudi na malengelenge. Kondensa nilipata, taa hapana. Nyayo ziliniwasha. Kila basi lililopita lilikuwa linaniita kwa jina.

Alhamisi mshona viatu mmoja akanielekeza kwa fundi wanayemwita Kamusi, nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta amezungukwa na makopo, miwani imefungwa kwa waya.

"Namba?" akauliza hata kabla sijakaa.

"Imefutika."

"Haifutiki, inajificha tu." Aliitwaa ile taa akaihemea kama mtu anayesafisha miwani. Kwenye ule ukungu wa pumzi, namba zikatokea, hafifu, zikapotea tena. "Umeona? Miaka yote hiyo ya kutembea hukufundishwa kuhema?"

"Nilifundishwa kukimbia."

"Inaonekana. Viatu vyako vinakusemea."

Akapekua kopo la maziwa ya unga, akatoa soksi ya mtoto, na ndani ya soksi taa nzima, kioo chake cheusi kwa juu kama inavyotakiwa. Hakutaka kitu ila koleo langu dogo la kukunja, ambalo nimetembea nalo nchi nne. Nilimpa. Koleo lenyewe lilishachoka kusafiri, nilijiambia.

"Uzi wa mshale je?" nikauliza.

"Chukua wa mshona viatu, hauvutiki. Ila ule wa zamani usiukate kabla hujachora ulivyopita. Kila nyumba ina uzi wake."

Nikakohoa.

"Umeshaukata," akasema Kamusi.

"Ulifungwa vibaya. Mimi nimefunga nyuzi ishirini maishani."

"Ishirini! Basi samahani, mzee wa nyuzi." Akarudi kwenye makopo yake.

Ijumaa asubuhi nililehemu kondensa, nikachomeka taa, nikafunga uzi mpya kama nilivyofundishwa: kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Mshale ulitembea kama askari wa gwaride. Nikawasha. Taa zikapata rangi ya chungwa moja baada ya moja, redio ikanguruma, ikasafisha koo, na mwanamume mmoja akaanza kusoma habari za bei ya mahindi. Niliruka kama mtoto. Nikafunga begi langu papo hapo, nikaliweka mlangoni. Basi lilikuwa saa kumi.

"Dada! Njoo umsikie mtu wako."

Alikuja akipapasa ukuta, akaketi, akavuta kiti kidogo mbele. Nilikuwa nimeizima ili aiwashe mwenyewe. Ilipopata joto, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kifundo cha kulia, ukakipeleka kushoto mpaka mwisho, kisha ukaanza kukirudisha. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mkono ukasimama.

Mkwaruzo kama wa mvua tu. Hamna mtu.

Akarudia. Kushoto mpaka mwisho, akahesabu, akasimama. Mkwaruzo.

"Si huyu hapa?" nikasema, nikanyoosha mkono, nikazungusha. Mtu wa mahindi akatokea, sauti safi kabisa.

"Ndiyo. Namsikia." Dada aliurudisha mkono wake mapajani, akaushika kwa ule mwingine. "Umefanya kazi nzuri, mdogo wangu. Ni mimi. Mkono nao umezeeka, umesahau."

"Utazoea."

"Ah, mimi wa kuzoea? Iache hapahapa. Kesho wasihangaike kuibeba."

Alisema bila hasira. Angenitukana ningechukua begi nikaenda. Lakini alikaa pale anaulaumu mkono ambao haukuwa na kosa.

"Dada, ulikuwa unahesabu nini?"

"Unakwenda mpaka ukutani," akaelekeza kushoto, "halafu unarudi kuelekea mlangoni mara tatu na kidogo. Hapo ndipo huyu mtu wa habari alipokuwa akikaa. Miaka yote."

Kwa mama, ukutani ndiko namba kubwa zilikokuwa. Mimi nilizirudisha mlangoni. Nilisahihisha kosa ambalo watu wa nyumba hii waliishi nalo nusu ya maisha yao, na sikulijua kwa sababu sikuwapo. Kamusi mwanaharamu alilijua bila hata kuiona redio.

"Mkono wako haujasahau kitu," nikamwambia. "Ni mimi niliyegeuza uzi."

"Ulikuwa umegeuka?"

"Mama aliufunga kinyume."

"Kinyume cha nani?"

Nikavua viatu, nikafungua kifuniko tena. Uzi huu ukitaka kuugeuza peke yako unahitaji mikono mitatu: ukikaza huku, unaruka kule. Uliniruka mara nne. Nje basi la saa kumi likapiga honi ndefu kona ya barabara. Nikasimama nusu. Nikaketi.

"Peleka kidole changu humo," dada akasema.

"Utaungua."

"Si umezima? Peleka." Nikauongoza mkono wake ndani. Kidole chake cha shahada kikatafuta, kikapita vigurudumu viwili, kikatua kwenye cha tatu na kuukandamiza uzi hasa palipokuwa panaruka. "Siku ile mama alinishikisha hapahapa. Nilishika mpaka kidole kikafa ganzi. Sasa pitisha chini, si juu. Chini, bwana wee! Ndiyo. Kaza."

Nikakaza. Haukuruka.

Safari hii alipohesabu, mtu alikuwapo palepale, mara tatu na kidogo. Dada hakusema asante. Aliongeza sauti tu, akaniambia nisogeze kichwa changu namzibia sauti.

Binti yake alifika Jumamosi mchana. Aliniamkia mbiombio, "Shikamoo mjomba, bado upo?", akaiona redio, akataka kuijaribu. Akazungusha kulia, akatazama mshale, akakunja uso.

"Mama, redio yenyewe mbovu. Inakwenda kinyume!"

"Toa mkono wako hapo," dada akasema. "Mjomba wako ametokwa na jasho."

Taa za kioo hazipendi mashimo ya barabara, lazima mtu aipakate redio njia nzima. Nilipanda nyuma, nikaiweka mapajani, begi langu chini ya miguu. Dada akageuza uso kutoka kiti cha mbele.

"Tukifika utashuka, au utaunganisha safari?"

"Endesheni kwanza," nikasema.